Wilbert Hyera na Mstari wa Vipande

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Mtoni Kijichi, ndugu mliosafiri kutoka Mbinga na Machame, na ninyi nyote mliofanya kazi na marehemu, mimi ni Demetria Gaudens Hyera, mdogo wake wa kumfuata, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, tangu alipozaliwa mpaka leo, Jumanne tarehe 20 Mei 2025, tunapompeleka makaburi ya Kinondoni.

Kabla sijaanza naomba nieleze jambo moja la kazi yake, kwa sababu bila hilo baadhi ya nitakayosoma hayataeleweka. Marehemu alikuwa mjiolojia, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchora ramani za miamba katika maeneo ya leseni za madini, ili wenye maeneo wajue madini yaliyofichika chini ya udongo yanaweza kuwa upande gani. Katika ramani hizo, mwamba aliouona kwa macho na kuugonga kwa nyundo aliuchora kwa mstari kamili wa wino, na pale mwamba ulipozama chini ya udongo, akawa anaamini tu kwamba unaendelea, aliuchora kwa penseli, kwa mstari wa vipande vipande. Kanuni hiyo hakuitunga yeye, wajiolojia wote wanaijua, ila yeye aliishika kuliko wengi, na ndiyo iliyomtenga kwa karibu miaka saba na shemeji yake aliyempenda sana, Bwana Praygod Lema, ambaye amekaa hapa mbele pamoja na wafiwa. Bwana Praygod ameiomba familia iandike katika historia hii kwamba yeye na marehemu walipatana kabla ya kifo. Familia imekubali jambo hilo lisomwe hadharani, nami nitalisoma mahali pake litakapofika.

Wilbert alizaliwa Litembo, Wilaya ya Mbinga, mwezi Agosti mwaka 1959, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Gaudens Hyera na marehemu Mama Anjelina. Siku kamili haijulikani, cheti kinaonyesha kwamba alibatizwa Jumapili tarehe 9 Agosti, na mama alikuwa akisema tu kwamba alimpeleka kanisani kitovu kikiwa hakijadondoka. Wenzake walipofika umri wa kujaza karatasi za serikali walijichagulia tarehe walizozipenda, yeye akaandika mwezi na mwaka peke yake, na karani mmoja alipomlazimisha aweke na siku, aliweka ile ya ubatizo, akarudi nyumbani amenuna, akilalamika kwamba sasa amepewa siku ya kuzaliwa asiyoishuhudia. Mama, aliyekuwa anapepeta mahindi, hakuinua hata kichwa, akamwambia, "Kwani hiyo nyingine uliishuhudia?"

Alisoma Shule ya Msingi Litembo kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akaendelea na sekondari Kigonsera kuanzia 1974 hadi 1977, kisha kidato cha tano na cha sita Tosamaganga, mkoani Iringa, alikomaliza mwaka 1979. Baada ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa alijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1981, akahitimu shahada ya jiolojia mwaka 1985, na likizo zote za miaka hiyo alirudi nyumbani na begi la mawe, ambalo baba alilibeba kutoka stendi mara moja tu, akasema safari ijayo amletee sukari.

Mwaka huohuo wa 1985 aliajiriwa serikalini, kituo chake kikiwa Dodoma, na alipelekwa kuchora ramani Chunya, Tunduru na Mpanda. Huko Mpanda, mwaka 1987, alifanya kosa ambalo yeye mwenyewe alilisimulia kila alipopata nafasi, kwa hiyo simvunjii heshima nikilisoma. Mvua zilikuwa zimewahi, bonde moja lilijaa maji, na badala ya kusubiri likauke alivuke, alisimama ng'ambo, akauangalia mwamba jinsi ulivyoelekea, akaunyoosha kwenye ramani kwa wino mpaka upande wa pili. Wachimbaji wadogo waliuamini wino wake, wakachimba duara, yaani shimo lao la kufuata mwamba, kiangazi kizima, na hawakukuta mwamba. Alirudi kuwaona, akaingia mwenyewe ndani ya lile duara mpaka chini, akatoka akawaambia kwamba kosa ni lake, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeweza kumshawishi atie wino mahali ambapo hakuwa amepaona.

Tarehe 22 Oktoba 1988, Dodoma, alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Noela Lema, mzaliwa wa Machame, aliyekuwa anafundisha shule ya msingi pale mjini. Mungu aliwajalia watoto wawili, Albano, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1990, na Lusungu, aliyezaliwa tarehe 17 Februari 1994, wote wapo hapa, na wajukuu watatu. Siku ya kupeleka barua ya posa, aliyewapokea wazee wetu mlangoni alikuwa kaka yake Noela, huyu Bwana Praygod, wakati ule kijana mfanyakazi wa bandari, na inakumbukwa kwamba alimwuliza bwana harusi mtarajiwa, "Wewe unayetafuta dhahabu za watu, ya kwako imekaa wapi?" na Wilbert akamjibu kwamba hajui, bado anatafuta, na jibu hilo lilimfurahisha Praygod kuliko barua yenyewe.

Mwaka 1995 watumishi wengi walipunguzwa kazini, na marehemu alikuwa mmoja wao. Katika hili naomba nisome polepole. Aliyempigia simu alikuwa Praygod, aliyewapokea yeye, mke na watoto nyumbani kwake Tabata alikuwa Praygod, na aliyemtafutia kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, Kurasini, mwanzoni mwa mwaka 1996, alikuwa Praygod. Walikaa nyumba moja mwaka mzima, shemeji na shemeji, wakioga kwa ndoo moja, wakibishana mpira mpaka Noela na wifi yake wanawafukuza sebuleni, na marehemu alifanya kazi pale Kurasini hadi mwaka 2004, akikagua makontena kwa uangalifu uleule wa kukagua mawe, jambo ambalo wenzake wa ofisini, ninaowaona pale nyuma, wanalijua, kwani kuna waliokuwa wakimwomba afumbe macho kidogo lori liondoke. Mwaka 2003 alihamia kwake hapa Mtoni Kijichi. Mwaka 2005 shughuli za madini zilipochangamka alirudi kwenye jiolojia, akifanya kazi za kujitegemea, na wengi waliopata leseni ndogo walipitia hapa kibarazani.

Sasa nafika mwaka 2018. Bwana Praygod, akiwa amestaafu mwaka uliotangulia, pamoja na jirani yetu Mzee Hamoud mwenye duka na wanajumuiya kadhaa, waliunda kikundi ili wachukue eneo la dhahabu Chunya, wakakubaliana kwamba mchora ramani wasiende kumtafuta mbali wakati wanaye wao. Marehemu alienda Chunya, alikaa huko akitembea eneo lote kwa miguu na dira yake, na Jumamosi tarehe 14 Julai 2018 aliitandaza ramani mezani, nyumbani kwa Bwana Praygod, Tabata, mbele ya wanakikundi wote. Upande wa magharibi, kwenye eneo la jirani ambako dhahabu ilikuwa inatoka, mwamba mweupe unaobeba dhahabu ulichorwa kwa wino hadi kwenye kijito, na kutoka kwenye kijito kuingia eneo la kikundi kulikuwa na vipande vya penseli tu, kwa sababu pale kijitoni ardhi ilikuwa imepasuka na kusogea zamani sana, na ng'ambo kulikuwa na udongo mwekundu mtupu, bila hata jiwe moja la kugonga.

Walikuwepo watu waliokuwa wamekwisha kuahidiwa mkopo endapo ramani ingeonyesha mwamba, na Bwana Praygod ndiye aliyewaahidi wenzake kwamba ramani itaonyesha. Alimwomba marehemu kwa upole kwanza, "Shemeji, si unaona mwenyewe umenyooka? Unganisha tu hapo, wino utakupunguzia nini?" Marehemu akasema hawezi kuunganisha asichokiona. Mzee Hamoud akajaribu kuleta utani, akasema, "Injinia, sie tunataka mwamba mzima, wewe watuletea wa reja reja," watu wakacheka, lakini Bwana Praygod hakucheka, akasema mbele ya wote, "Nilipokupokea na watoto wako sikukupokea kwa vipande." Marehemu aliikunja ramani, akaaga, na kwa muda wa karibu miaka saba hakukanyaga tena Tabata.

Kikundi kilivunjika. Bwana Praygod aliichukua leseni kwa jina lake, akampata mtu mwingine, ambaye hatumtaji, akachorewa mstari kamili ulionyooka kutoka kwenye kijito, na mwaka 2019 alichimba duara juu ya mstari ule, akatumia kiinua mgongo chake, akakuta jiwe tupu. Ameniruhusu niyasome haya, na aliposikia ninayapunguza makali alinikataza.

Habari hizo zilimfikia marehemu, na mwezi Agosti mwaka 2020 alisafiri kwenda Chunya bila kutumwa na mtu. Noela alipomwuliza anamfanyia nani kazi hiyo, alimjibu, "Aliyenitoa mtaani." Kule hakukuwa na mwamba wa kuonekana, kwa hiyo alitumia vichuguu, kwa maana mchwa huupandisha juu udongo wa chini sana wanapojenga, akawa anachota udongo wa kila kichuguu, anausafisha kwa maji ndani ya karai, na kuangalia kama kuna chembe za dhahabu zilizobaki. Vichuguu vilivyokuwa kwenye mstari ulionyooka havikuwa na kitu, na vile vilivyokuwa na chembe vilikaa kaskazini zaidi, vimefuatana, kana kwamba mwamba ulikatwa pale kijitoni na nusu yake ikasukumwa pembeni. Alichora ramani mpya, vipande vya penseli vikiwa vimehamia kaskazini, akaitia ndani ya bomba la plastiki la kuhifadhia ramani, na kumpa Noela ampelekee kaka yake.

Bwana Praygod alilipokea bomba lile na hakulifungua. Lilikaa nyuma ya mlango kule Tabata, mkewe akalitumia kuegeshea dirisha wakati wa joto, na kila Noela alipokwenda kuwasalimu alirudi na jibu lilelile, kwamba dirisha limesimama vizuri. Marehemu aliposikia alisema walau limepata kazi.

Mwezi Machi 2023 marehemu alianza kuvimba miguu na kuchoka upesi, akagundulika kwamba figo zake zimeharibika kwa shinikizo la damu la muda mrefu, na kuanzia Julai mwaka huo alikuwa anakwenda hospitali kusafishwa damu. Aliyapokea bila kelele, akiwauliza madaktari maswali mengi, na akimkanya yeyote kati yetu aliyewaambia wageni kwamba anaendelea vizuri wakati majibu ya vipimo hayajasema hivyo. Tarehe 28 Aprili mwaka huu alilazwa, na safari hii hakutoka.

Jumapili tarehe 4 Mei, baada ya misa, mimi na Noela tukiwa kando ya kitanda chake, tulimwona Bwana Praygod anaingia wodini na lile bomba la plastiki mkononi, likiwa bado limefungwa na utepe wake uleule, sasa umekuwa wa njano. Hakuna aliyezungumzia Tabata. Marehemu alimtazama, akatazama bomba, akasema, "Na dirisha je?" Bwana Praygod akasema, "Nimeliwekea tofali." Akavuta kiti. "Nisomee hii kitu, shemeji, mie siielewi."

Tuliitandaza ramani juu ya shuka, na marehemu, ambaye asubuhi ile alikuwa ameshindwa kushika kikombe, alimweleza shemeji yake kila alama kwa kidole, kutoka kwenye kijito mpaka kwenye vichuguu, akipumzika na kuanza tena. Bwana Praygod akamwuliza, "Sasa niambie ukweli, hapa upo au haupo?" Marehemu akajibu, "Sijui. Naamini upo. Usichimbe duara, chimba mfereji hapa, ukatize mstari, usizidi kimo cha mtu. Ukiuona, tia wino." Bwana Praygod akatoa kalamu mfukoni akamtania kwamba basi autie wino sasa hivi, ili waende nyumbani, na marehemu akacheka kwa mara ya kwanza tangu alazwe, mpaka muuguzi akaja kutuonya. Neno msamaha halikutajwa na yeyote kati yao, mimi nilikuwepo mwanzo hadi mwisho, na sikulisikia.

Alhamisi tarehe 8 Mei Bwana Praygod alipanda basi kwenda Chunya. Hali ya marehemu ilibadilika Jumanne iliyofuata, akawa hasemi, macho yamefumba. Alhamisi tarehe 15 Mei, saa tisa mchana, simu ya Noela ililia, alikuwa kaka yake anapiga kutoka ndani ya mfereji, anapiga kelele, na Noela aliiweka simu kwenye sikio la marehemu. Maneno yaliyosemwa Noela aliyasikia yote, nami nimeyaandika alivyonieleza na Bwana Praygod alivyothibitisha, "Shemeji, nimeuona! Mweupe, umepita hapahapa ulipochora! Nimeushika kwa mkono huu! Shemeji, nilikukosea, unanisikia? Nisamehe, shemeji." Noela anasema kwamba kidole cha marehemu cha mkono wa kulia kilisogea juu ya shuka, kama mtu anayefuata kitu. Mimi sikuwepo, nilikuwa nje na daktari. Daktari nilipomwuliza alisema kwamba mgonjwa wa hali ile huenda akasikia, na huenda asisikie.

Marehemu aliaga dunia Ijumaa tarehe 16 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, mke wake akiwa ameshika mkono wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu mwaka 2023, hasa wauguzi wa kitengo cha kusafisha damu, ambao walimvumilia kwa maswali yake, na yule wa wodini aliyetuonya tusicheke kisha akakaa kusikiliza. Tunamshukuru Mzee Hamoud na familia yake, aliyebomoa sehemu ya uzio wake ili turubai lienee, na kufunga duka tangu Ijumaa, na ambaye jana aliniambia nisisahau kuandika kwamba Injinia hakuwahi kumdanganya hata kwa utani. Tunawashukuru wenzake wa Kurasini, wachimbaji wa Chunya waliotuma wawakilishi, jumuiya yetu ndogo ndogo kwa sala na chakula, na serikali ya mtaa.

Limebaki ombi la Bwana Praygod. Amefika juzi na kipande cha jiwe jeupe, mtakiona pale mezani kando ya picha, na hatujui kama kina dhahabu, sampuli zipo maabara na majibu bado. Leo asubuhi, kwa ruhusa ya Noela, aliitandaza ile ramani, akatia wino mahali pale mfereji ulipokatiza, pale tu alipoona, kipande kifupi kuliko ukucha, na alipomaliza aliinua kalamu mwenyewe bila kuambiwa. Kisha akaniuliza nimeandikaje kuhusu yeye na marehemu.

Nimeandika hivi. Kwamba waliinamia ramani moja Jumapili ile na wakacheka, hilo nimeliona, nalitia wino. Kwamba Bwana Praygod aliomba msamaha, hilo lina mashahidi wawili, nalitia wino. Kwamba marehemu alisikia, na kwamba alisamehe, hilo sikuliona, na kaka yangu asingeniruhusu nilitie wino hata kwa siku ya leo. Nimelichora kwa vipande. Bwana Praygod aliinamisha kichwa, akakubali, na ninyi mliomjua marehemu mnajua alivyotufundisha, kwamba mstari wa vipande hauchorwi na mtu mwenye shaka, unachorwa na mtu anayeamini kitu kipo pale, ila udongo umekifunika.

Kaka Wilbert, upumzike kwa amani.